Sanduku la Sifa

Mwalimu wa darasa la tatu akipata wazo huwa hashikiki. Safari hii alitoboa tundu kwenye kifuniko cha boksi la viatu, akaliita sanduku la sifa: kila Ijumaa mtoto aandike jambo jema alilotendewa na mwenzake. Sharti lilikuwa moja tu. Ole wake atakayetunga. Liwe limetokea kweli.

Siku ya kusoma yaliyoandikwa alimwalika mwalimu mkuu aketi nyuma, ajionee mwenyewe. Tusifichane: mwalimu wa darasa alikuwa na hamu hasa ya kusikia sifa za kiranja, bintiye wa kumzaa. Mtoto huyo akisimama tu, darasa zima linakuwa kimya. Mama mtu alijua amelea.

Akaanza kusoma. Mmoja alisifiwa kwa kuazimisha kifutio, mwingine kwa kugawa maji yake. Watoto wakachekelea na kupigiana makofi. Ikafika zamu ya kiranja.

"Karatasi kumi na moja!" mwalimu akatangaza, kichwa kimemvimba. Akafungua ya kwanza. "'Kiranja ni mwema. Jumanne hakunifinya.'"

Akadhani amesoma vibaya. Akachukua ya pili. "'Asante kiranja. Ukila chakula changu huwa unanibakishia.'" Akafungua ya tatu: "'Nilipolia alinisubiri ninyamaze, mwalimu asijue.'"

Watoto hawakuwa wanashtaki; hilo angelijua la kufanya. Walikuwa wanashukuru, tena kwa dhati, na mmoja alikuwa amechora ua pembeni.

Kule nyuma mwalimu mkuu alivua miwani.

"Njoo hapa," mwalimu akamwambia bintiye. "Haya ni kweli?"

"Si ulisema hutaki kusikia kelele, mama?" Mtoto alishangaa kuulizwa. "Na hawapigi kelele."

Aibu ilimshika mama wa watu, na hasira ikaja juu yake. Mwanawe amtie aibu hivi, mbele ya mkubwa wake wa kazi! Kabla hajajua anafanya nini, alikuwa amemshika mkono upande wa ndani, juu kidogo ya kiwiko, kwenye nyama laini, kwa kidole gumba na cha shahada. Binti hakulia. Alifumba macho, akabana midomo, akangoja yaishe, kama mtu aliyezoea.

Kwenye dawati la mbele alikaa mtoto waliyempachika jina la Chiriku, maana mdomo wake haujui kufungwa. Aliruka na mkono juu, kwa furaha ya mtu anayejua jibu.

"Hapohapo, mwalimu! Hapo ndipo anapotufinya!"

Mwalimu akatazama vidole vyake. Bado vilikuwa vimebana.