Ndoa za Panya wa Kwihara

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai, na Tabora nzima inajua. Lakini siku niliyorudi kutoka Dar na kukuta mzee Hilari amewaoza panya wangu, hata hasira zenyewe zilinikimbia. Nilikaa chini kwenye sakafu ya maabara na gauni langu la safari.

Ngoja nieleze, maana watu wakisikia nafuga panya hudhani nimerogwa. Kwenye kituo chetu cha utafiti, njia ya Kwihara, nilikuwa na koo mbili za panya weupe, kila ukoo na chumba chake. Ukoo wa kwanza ukiwatia virusi vya ndui ya panya, wanakula, wanalala, wanazaa, habari hawana. Hao niliwaita Wagumu. Ukoo wa pili, Walegevu, hawamalizi wiki mbili. Ndui hiyo haimpati binadamu, kwa hiyo msinikimbie. Shahada yangu ilikuwa juu ya jambo moja tu: kuonyesha jinsi ule ugumu unavyorithiwa. Na ili damu isichanganyike, nilikuwa nazalisha kaka na dada, kizazi baada ya kizazi. Ndivyo wanavyofanya wote wenye kazi hii.

Sasa mzee Hilari, mhudumu wa panya, ni katekista wa kigango pia. Kwihara hakuna ndoa inayofungwa kabla yeye hajauliza ukoo wa bwana, ukoo wa bibi, na nyanya zao wametoka wapi. Mtu huyo ndiye niliyemwachia funguo nikaenda mafunzoni Dar miezi mitatu. Akili zangu, jamani.

“Shikamoo, baba,” nilimwambia pale sakafuni. “Panya wangu umewafanya nini?”

“Marahaba, mwanangu Recheli. Nimewapanga.” Alivuta kigoda akaketi. “Humu ndani kulikuwa na aibu. Kaka analala na dada yake. Nimevumilia sana, nikasema huyu mtoto yuko kwenye vitabu, hajui yanayoendelea.”

“Nilijua, baba. Mimi ndiye niliyewaweka.”

Alisogeza kigoda chake nyuma. Nadhani tangu hapo heshima yake kwangu ilipungua.

“Basi nimekusaidia,” alisema. “Kila bwana, awe wa chumba hiki au kile, nimemtafutia bibi wa chumba cha pili. Nikawatangaza Jumapili tatu, kama kanisani. Nikauliza kama kuna mwenye kizuizi. Hakujitokeza mtu.”

“Na sasa Mgumu ni yupi, Mlegevu ni yupi?”

“Wote weupe, mwanangu. Nitajuaje?”

Kifaa cha kuwatoboa masikio ili kuwatambua kilishaharibika kitambo, tukawa tunategemea vibao vya vizimba. Vibao vilikuwepo, vimening'inia vizuri kabisa, na havina maana yoyote. Nilichokuwa na uhakika nacho ni kwamba vitoto vyote vilivyojaa mle ni machotara, nusu Mgumu nusu Mlegevu.

Nikampigia simu Daktari Najiat, msimamizi wangu, mwanamke wa mjini Tabora asiyejua kuuma maneno. Alicheka mpaka nikataka kukata simu. Kisha akasema, “Wakikua wape virusi. Wakifa wote, ugumu wako umemezwa, na muda wa kuanza upya hatuna. Utarudi kwenu Puge ukafundishe darasa la tano.”

Walipokua nikawapa virusi, nikasubiri kwa roho mkononi. Nilimgombeza mpishi wa kituo, nikamgombeza mlinzi, nikamgombeza mzee Hilari hata kwa namna anavyofunga mlango. Wiki mbili zikapita, machotara wakala pumba zao, wakagombana, wakalala. Hakufa hata mmoja.

“Ndoa halali hiyo,” alisema mzee Hilari, ametulia tuli.

“Si ndoa, baba. Ni kwamba mzazi mmoja mgumu anatosha kumkinga mtoto.”

“Sawa,” alijibu, kwa sauti ile tunayowajibu watoto.

Daktari Najiat hakuridhika. Alitaka machotara nao wazaane, kaka kwa dada, tuone wajukuu. Hesabu yake ilisema robo ya wajukuu watazaliwa bila kinga kabisa, na hao wakipata virusi watakufa. “Bila hao wanaokufa huna ushahidi,” aliniambia. “Na bila ushahidi huna shahada.”

Nikaenda kumweleza mzee Hilari taratibu, kwa upole nisiokuwa nao. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Nikiwaoza wageni, umesema hafi mtu,” alisema.

“Ndiyo.”

“Ukiwaoza ndugu?”

“Robo ya watoto watakufa.”

“Ahaa. Basi umeona mwenyewe.”

Nina vyeti vya chuo kikuu ukutani, lakini siku hiyo nilikimbilia vizimba. Niliwaweka machotara wawili wawili kwa mikono yangu, kizimba baada ya kizimba, yeye amegeukia dirishani.

Wajukuu wakazaliwa, wakakua, nikawapa virusi. Kila asubuhi nilikuwa naingia mle naomba wafe. Nilikuwa naomba kwa sauti. Walipoanza kufa nikahesabu, na walipofika robo nikapiga kelele za furaha, nikampigia Daktari Najiat, naye akapiga vigelegele huko huko ofisini kwake. Shahada ilikuwa yangu.

Nilipogeuka nimkumbatie mtu, aliyekuwepo ni mzee Hilari, kofia ameivua. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, kama tunavyoshikana msibani.

“Pole, mwanangu,” alisema. “Umefiwa na wengi.”

Nilitaka kumkaripia. Nilifungua mdomo nimwambie aache upuuzi, leo ni sikukuu. Nikasikia mdomo huo huo unamjibu, “Nimeshapoa, baba,” na machozi yakaanza kunitoka, kwa ajili ya panya.