Antena Iliyovaa Sare

Usiku wa jana niliota harusi ya dada yangu Skolastika imeshaanza, na antena ya kurushia picha haionekani. Kosa ni langu. Mimi ni fundi, na ni mimi niliyeipaka ile rangi inayobadilika: ikipata joto inakuwa nyeupe isiungue, ikipata baridi inakuwa nyeusi iote jua, na wakati mwingine wote inafanana na pale ilipo, wezi wasiione. Sasa hata mwenyewe siioni.

Na Bibi Akwilina yuko Mahenge, amevunjika mguu, ameketi mbele ya runinga amwone mjukuu wake akiolewa. Bila antena ataona chenga tu. Roho iliniuma sana.

Nikapanda paani kuuliza waya.

"Dada mkubwa antena kashuka," unasema waya. "Kasema huku juu kachoka, anakwenda kwa watu."

Paa linakuwa ukumbi. Mashangazi wamejaa, wote sare ya zambarau, kitambaa kimoja, mshono mmoja, kilemba kimoja. Namwendea wa kwanza.

"Shikamoo shangazi. Samahani, wewe ni antena?"

Alikuwa shangazi kweli. Akanifinya sikio.

Nikaacha kuuliza. Harusini hakuna shangazi anayekataa chai, basi nikachukua birika nikawamiminia wote chai ya tangawizi inayochemka. Wanakunywa, wanatoka jasho. Mmoja hatoki jasho. Anakuwa mweupe pe, kuanzia kilembani mpaka viatuni.

"Shangazi, twende juu. Bibi anasubiri."

"Ulinipaka nisionekane," anasema, akipuliza chai. "Nimefaulu, unakasirika. Napokea habari za watu wote, mimi habari zangu hakuna anayeuliza."

Aibu ikanishika. "Habari za kwako, shangazi?"

"Nzuri. Mgongo tu."

Skolastika anaingia, vigelegele vinapasuka, na ngazi haipo. Shangazi anavua viatu, anapanda mabegani kwangu, ananyoosha mikono kuelekea Mahenge. Mabega yangu yanakuwa mabati. Njiwa wanatua. Wenzangu wanacheza, wanakula pilau. Mimi siruhusiwi hata kujikuna, maana nikitikisika bibi harusi atakatika kiuno kwenye runinga. Nalia, na sijui kama ni furaha au ni uzito.

Simu ikaniamsha. Alikuwa Bibi Akwilina.

"Mume wangu," akasema, maana hivyo ndivyo tunavyotaniana, "harusi nimeiona yote, imependeza. Ila nyie watu hamna utu. Yule mama mweupe mmemsimamisha juani siku nzima, hata maji hamumpi?"

Harusi ni Jumamosi ijayo.

Nikashuka kitandani. Kisha nikachota maji kwenye kikombe cha wageni, nikaenda kuazima ngazi kwa jirani.