Jembe Nyuma ya Ukuta

Mwalimu Alois aliirudisha karatasi mezani, na hapo Theresia akajua mambo yameharibika tena. Alois ndiye aliyehariri gazeti dogo la misheni pale Morogoro, gazeti lililosomwa mpaka vigango vya juu kabisa vya Uluguru. Miaka ile ya hamsini, kwa mwalimu kijana, kuona maneno yako yamepigwa chapa humo ilikuwa heshima ya kutembea kifua mbele. Theresia aliitaka heshima hiyo kufa na kupona. Lakini kila alichopeleka kilirudi, naye alikuwa amejiapia kwamba hiki nacho kikirudi, kalamu atabaki nayo ya kusahihishia hesabu za watoto basi.

"Milima yako imevaa vilemba vya mawingu kama wafalme," Alois alisema. "Umewahi kumwona mfalme?"

"Hapana, Mwalimu."

"Kila anayeniandikia anaivika vilemba, mpaka milima yenyewe imechoka. Mimi nataka kujua wewe ulikuwa umekaa wapi ulipoitazama. Niletee Jumamosi. Na hilo jina la 'Mpenda Milima' uliache hukohuko."

Theresia alirudi Kilakala, alikofundisha, amenuna. Umekaa wapi! Swali gani hilo la kumuuliza mtu mzima? Ila lilimng'ang'ania njia nzima, maana jibu alikuwa nalo, na lilimtia aibu. Hakuna wakati alioitazama milima kwa makini kuliko alipokuwa amefungiwa chumbani.

Ilikuwa wakati wa vita, kwao Mgeta. Alivunja ungo, na kwa desturi ya Waluguru akawekwa ndani, mwali, miezi na miezi, haonekani na mtu ila wanawake waliomfunda. Mjini hakuwa amemwambia mtu. Aliamini mwandishi ni yule aliyesimama kileleni akaona bonde zima, si msichana aliyechungulia kwenye tundu.

Jioni ile aliandika juu ya tundu.

Lilikuwa chini ya ukuta, mahali udongo ulipobanduka, usawa wa jicho lake alipolala. Aliona shina la mgomba, kona ya shamba la maharage, na ng'ambo ya bonde kipande cha mlima kisichozidi kiganja. Ukungu uliposhuka ulichukua kwanza mlima, kisha maharage, kisha mgomba, ikabaki harufu ya udongo uliolowa. Wanawake walipita na matenga ya kabichi wakienda sokoni mjini, naye aliwajua kwa visigino. Aliyofundwa mle ndani hakuyaandika, hayo si ya gazetini. Akaandika sauti za jioni: mbuzi wakirudi, mchi kwenye kinu, na upande wa pili wa ukuta mtu akinoa jembe, kwaru, kwaru, kila siku mpaka giza liingie.

Kalamu ikasimama.

Nani anayenoa jembe kila siku? Jembe hunolewa likiwa butu. Na jiwe la kunolea lilikuwa kule mtoni, si pale. Siku zote alidhani ni sauti tu ya nyumbani, lakini sasa, kwa kuwa alilazimika kuiandika, aliisikia upya, na pamoja nayo kile kikohozi kikavu kilichokuwa kikifuata. Kikohozi hicho angekijua hata sokoni katikati ya watu.

Baba hakuruhusiwa kuukaribia ukuta wa mwali. Tena pale alikuwa mtu wa kuja tu: ardhi ilikuwa ya ukoo wa mama, watoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mwisho juu ya Theresia alikuwa nalo mjomba. Theresia alilia, lakini aliendelea kuandika, na kwa mara ya kwanza hakufuta hata mstari mmoja. Alijua ameandika kitu kizuri. Hakuhitaji Alois amwambie.

Ila moyo haukutulia. Gazeti lingefika Mgeta. Likimwaibisha mzee?

Jumamosi alimkuta baba yake, Mzee Dominiko, sokoni mjini, ameketi kando ya tenga lake la mboga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?"

Akamsomea. Mzee alisikiliza huku akimenya maganda makavu ya vitunguu. Iliposomwa habari ya jembe, vidole vikaacha kumenya.

"Ukisema nisiipeleke, naichana hapahapa," Theresia alisema.

Mzee akakohoa kikohozi chake kilekile.

"Jembe lenyewe liliisha," alisema. "Jembe jipya! Mjomba wako akaniuliza, shemeji, mbona limebaki kama kijiko? Nikamwambia, ardhi yenu hii ina mawe mengi." Akashika kitunguu kingine. "Nilikuwa nasema, mtoto akisikia kuna mtu, hataogopa giza. Andika na hilo la mawe."

Theresia alicheka machozi yakimtoka. Akaiweka karatasi juu ya goti, akaandika la mawe kama alivyolisikia. Kisha, pale chini alipozoea kuandika Mpenda Milima, akaandika kwa herufi kubwa: Theresia Dominiko.