Siku Niliyobaki Safi

Mimi si mtu wa kuringa, lakini asubuhi ile niliamka nikitaka kuchafuliwa. Kwetu Lubumbashi mwanafunzi akifaulu humwagiwa poda ya watoto kichwani mpaka kope ziwe nyeupe, na mji mzima unajua bila kuuliza kwamba huyu kapita. Na mimi, Kapinga, nilikuwa nakwenda kutetea kazi yangu ya mwisho ya chuo, bibi mwenye wajukuu.

Niliacha masomo zamani, baba alipoachishwa kazi ya reli. Nikauza vitenge, nikalea, nikafiwa na mume, ndipo nikarudi darasani. Watoto wangu wako mbali, na siku ile walinitumia picha za maua kwenye simu. Haidhuru. Niliyekuwa namngojea ni Syntiche.

Tulilala naye chumba kimoja bwenini, kabla sijaacha masomo. Siku zile furaha haikuwa na mwenyewe. Msichana mmoja akipita, korido nzima ilipiga masufuria, na poda ikiisha tulimwagia unga wa bukari, ugali wetu, hata kama kesho tungeshinda na njaa. Syntiche alipofaulu, mimi ndiye niliyemmwagia, kisha nikambeba mgongoni kuzunguka bweni, na miguu yangu hii kama vijiti. Sasa anakaa Karavia, mtaa wa wenye nazo, ana gari na shughuli zisizokwisha. Nilipompigia simu alisema, "Nitakuya, yaya. Siwezi kukosa." Yaya ni dada mkubwa, ndivyo alivyoniita tangu bwenini.

Basi nikatetea, nikafaulu. Maprofesa walinisifu na kunipa mkono, nikatoka uani kifua mbele.

Uani vijana niliosoma nao walikuwa wameshakuwa weupe, mama zao wanapiga vigelegele, poda imejaa hewani. Niliangaza macho: Syntiche hayupo. Nikajisogeza makusudi, nikajipitisha mbele ya makopo kama kuku aliyeona mtama. Aaron, kijana tuliyekaa benchi moja mwaka mzima, aliinua kopo lake, akaniona, akalishusha.

"Muchunge!" akawapigia kelele wenzake. "Muache mama apite, musimuchafulie kitenge!"

Wakanipisha wote, wameinamisha vichwa kwa adabu. Heshima ile ilinichoma kuliko tusi. Nilikaa kwenye ngazi peke yangu, nikajionea huruma waziwazi, sioni haya kusema. Wahenga wanasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wa kukufaa kwa furaha hawakumtaja, labda walidhani hao hawakosekani.

Watu walikuwa wanatawanyika Syntiche alipoingia getini akihema, kopo la poda mkononi. Aliniona kwenye ngazi, peke yangu, kichwani sina hata punje. Akasimama. Kopo likarudi mkobani haraka, kana kwamba ameliiba.

Nikaelewa alichoelewa. Bwenini aliyeanguka mtihani hakuulizwa kitu. Waliopita walinawa poda yao kwanza, wakaja kukaa kitandani kwake, wakalia naye mpaka achoke.

Nilifungua mdomo nimwambie. Hakunipa nafasi. Alikaa chini kwenye vumbi na gauni lake la bei, akanikumbatia.

"Usiseme kintu, yaya. Bale ba-prof bana roho mubaya. Tutarudia, mimi na weye. Leo utalala kwangu, siwezi kukuacha peke yako."

Machozi yake yalinilowesha shingo. Tangu mazishi ya mume wangu hakuna mtu aliyenishika hivyo. Ningesema neno moja tu, nimepita, angenimwagia poda yake, tungepiga picha, halafu angetazama saa na kuondoka na gari lake. Namjua.

Nikamwekea kichwa begani, nikalia naye.

Kesho nitamwambia. Leo niacheni nami nipate mtu wa kunililia.