Akiba ya Pindo

Fundi alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mtaa mzima uliujua: hakuweza kushona nguo ya mtoto bila kuificha nyingine ndani yake. Pindo alilikunja vidole vinne, ubavuni akaacha kitambaa cha ziada, na mzazi akilalamika kwamba gauni limekuwa zito, alimjibu, "Mtoto hakui kwa ruhusa yako. Akirefuka utanikumbuka." Watu walicheka, wakasema nguo za Fundi huzaa. Lakini watoto wao waliwaleta kwake, mmoja baada ya mwingine.

Wa kwake mwenyewe alikuwa mmoja tu, binti wa miaka ishirini, mwenye sauti ya kumfanya mtu asahau chungu jikoni. Shindano la kuimba la televisheni lilipotangazwa, kila wilaya ilitakiwa kutoa mwimbaji mmoja. Hapa alishinda kinyozi, yule wanayemwita Kinanda, na binti akawa wa pili. Akafungasha, akapanda basi hadi wilaya ya baba yake, bwana aliyeachana na Fundi miaka kumi na minane iliyopita na ambaye tangu hapo hajaleta hata penseli. Huko hawakuwa na mwimbaji wa maana. Walimpokea kwa mikono miwili.

Hilo Fundi angelimeza. Ila wiki ya kwanza binti alisimama jukwaani, jina la wilaya ile limeandikwa chini ya kidevu chake, akasema, "Nawashukuru sana watu wa kwetu." Kwetu! Fundi aliondoka huko na mtoto mgongoni na cherehani kichwani, hakuna hata mmoja wa hao "wa kwetu" aliyemsindikiza hadi barabarani. Neno lile lilimwingia kama sindano chini ya ukucha.

Mtaa nao ulinuna. "Fundi, mwanao katuangusha," alisema mwenye duka, mwanamke jirani aliyekuwa akimpa binti peremende tangu akibebwa mgongoni. "Tumemlea sisi, sifa wachukue wengine?" Fundi hakumtetea mwanawe. Walipomletea kitambaa cha njano awashonee mashati ya kumshangilia Kinanda, aliyashona yote hamsini, jina la wilaya kifuani, na moja akajikatia mwenyewe. Alitaka aonekane yuko upande gani. Hasira ina mambo.

Siku kumi kabla ya nusu fainali binti alipiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, safari hii kila mtu anatakiwa avae nguo iliyoshonwa kwao. Naomba unishonee gauni. Vipimo vyangu si unavyo?"

Anavyo. Viko kwenye daftari la wateja, ukurasa wa kwanza kabisa, na hajawahi kuukata kwa mstari ukurasa ule. Alikuwa ameshanyoosha mkono kulichukua daftari, lakini ulimi ukamtangulia.

"Kashonewe na hao wa kwenu."

Binti alisema, "Haya, mama," kwa upole, akakata. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini ya Fundi hayakungoja uzee. Yalifika kabla hajaiweka simu mezani. Hata hivyo hakumpigia. Kila asubuhi alisema atapiga jioni, na jioni akasema mtoto ndiye wa kuanza.

Jumapili ya nusu fainali, saa kumi alasiri, televisheni ilitolewa nje ya kibanda cha Kinanda na kuwekwa juu ya kiti chake cha kunyolea. Kiti chenyewe huzunguka, kwa hiyo kila aliyekigusa aliwageuzia wenzake mgongo wa televisheni, na matusi yakawa mengi kuliko nyimbo. Fundi alikaa benchi la nyuma na shati lake la njano, katikati ya watu hamsini waliovaa kazi ya mikono yake, na hakuna aliyekaa karibu naye isipokuwa mwenye duka. Wengine walimsalimia na kumpita. Utamwambia nini mama wa msaliti?

Kinanda aliimba vizuri, hatumnyimi haki yake. Mtaa ulilipuka. Kisha wakaitwa wengine wawili, na mwisho binti.

Alitoka na gauni la bluu. Fundi alilitambua kabla hajamtambua mwanawe. Alilishona mwenyewe, binti akiwa na miaka kumi na mitatu, la kuimbia kwaya ya shule. Ubavuni lilikuwa limefumuliwa na kuachiwa. Chini pindo lilikuwa limeshushwa lote, vidole vinne, na ule mkunjo wa zamani ulionekana wazi, mstari wa bluu iliyokolea ukizunguka magoti. Upindo mpya ulishonwa kwa mkono, na upande wa kushoto ulikwenda kombo, kwa sababu mtoto yule hakuwahi kujua kushona.

Wengine waliona gauni kuukuu. "Huko wameshindwa hata kumvisha!" mtu alipiga kelele, na watu wakacheka. Fundi alijishika mdomo. Mwanawe alikuwa amevaa nguo iliyoshonwa kwao, kama alivyoagizwa.

"Pigeni kura sasa," alisema mtangazaji. "Simu moja, kura moja. Anayeshika mkia anaaga."

Fundi alitoa simu. Herufi zilimkimbia. Mwenye duka alimwona, akamwonea huruma. "Lete nikusaidie, wewe na simu hampatani." Kabla Fundi hajafungua mdomo, simu ilikuwa imeshachukuliwa, imebonyezwa na kurudishwa. "Tayari. Umempa Kinanda. Damu nzito, lakini mtaa nao ni mtaa. Hongera, jirani."

Fundi alisema asante. Wewe ungesema nini, mbele ya watu hamsini?

Binti ndiye aliyeaga. Mtangazaji alisema tofauti ilikuwa ndogo sana. Watu waliruka, wakakumbatiana, kiti cha kinyozi kikazunguka na televisheni yake hadi ikatazama ukuta, na katika furaha ile yote Fundi alijisikia mpweke kuliko siku aliyoondoka kwa mume.

Aliingia chumbani mwake, akavua shati la njano, akaketi mbele ya cherehani. Aliandika polepole, herufi moja moja, safari hii bila msaada: "Pindo umelishona kombo upande wa kushoto. Njoo nyumbani nilirudie."

Jibu halikuchelewa.

"Shikamoo mama. Usisumbuke. Kesho watu wa huku wananifanyia mapokezi, wameshanitafutia fundi. Atalirudia yeye."

Alilisoma mara tatu. Halikuwa na hasira hata chembe. Kama lingekuwa na hasira, angalau angepata pa kushika.

Mlango uligongwa. "Fundi!" ilikuwa sauti ya mwenye duka, imekauka kwa kushangilia. "Fainali tunataka mashati mia!"

"Nakuja," alisema Fundi. Alilifungua daftari lake ukurasa wa kwanza, akavipitia vile vipimo kwa kidole, na hakujua tena kama ni vyenyewe.