Figo ya Kulia Bado Inapumua

Kaka yangu Ecodu alikuwa mchomeleaji wa vyuma pale Busia, kwa hiyo kabla ya kumwingiza kwenye mashine walimpiga picha ya macho kwanza. Walituambia mashine yenyewe ni sumaku kubwa, na chembe ya chuma ikiwa imejificha jichoni inaweza kusogea na kumpofusha mtu. Ecodu akacheka. "Mimi nimekuja na figo," aliniambia, "hawa naogopa macho."

Hakuwa na mengi ya kuchekea. Presha ilikuwa imezila figo zake miaka mingi bila yeye kujua, maana mwanamume wa kwetu haendi hospitali mpaka abebwe. Zahanati walimpima damu wakasema figo zimechoka, basi. Zimechoka kiasi gani na zimebakiza nini, hakuna aliyejua. Ndipo tukasikia kwamba ng'ambo, upande wa Kenya, kuna utafiti wa kuchunguza figo kwa mashine ya MRI ya kisasa, na wanapokea watu wa pande zote mbili za mpaka. Mke wake alishamwacha zamani na mama yetu hawezi safari, kwa hiyo nilifunga kibanda changu cha mitumba nikampeleka mwenyewe.

Walimlaza ndani ya lile pipa. Sauti ikamwambia avute pumzi, aitoe, ashikilie hapo hapo asitikisike, kisha mashine ikaanza kugonga kama karakana yake mwenyewe siku ya kazi nyingi. Alipotoka alikuwa amelowa jasho, lakini alijitia ushujaa.

Mtafiti aliitwa Daktari Wanjala, mtu wa Bungoma, mpole wa sauti. Alituonyesha picha za rangi rangi kwenye kompyuta. Kipimo cha damu, alisema, kinaonyesha uchafu ambao figo zimeshindwa kuutoa. Mashine hii inaonyesha figo yenyewe inavyoishi: damu inavyopita ndani yake, na oksijeni inavyotumika. Ya kushoto ilikuwa imegeuka kovu karibu yote. Akahamisha kidole.

"Hii ya kulia bado inapumua," alisema. "Si sana, lakini inapumua. Mkiilinda kwa miezi mitatu, mrudi tuipige picha tena. Ikiwa haijashuka, nitamwingiza kwenye kundi la dawa mpya. Ikishuka, sitakuwa na nafasi yake."

Masharti yalikuwa ya chakula. Chumvi marufuku kabisa. Ndizi hapana, parachichi hapana, maharagwe hapana, kwa sababu yana madini yaitwayo potasiamu. Figo mbovu haiwezi kuyatoa, na yakijaa kwenye damu yanasimamisha moyo. Nilimrudishia daktari neno kwa neno mpaka akaridhika.

Nyumbani Buteba niliyarudia kwa mama. Sisi Iteso mama tunamwita toto, na toto wetu Acom akiambiwa jambo na daktari analishika kuliko amri kumi. Pakiti ya chumvi aliigawa kwa jirani siku hiyo hiyo. Mkungu wa ndizi ulioiva nyuma ya nyumba aliuacha uliwe na ndege. Ecodu akaletewa majani ya kunde yaliyochemshwa kwa maji matupu, akatafuna, akaweka sahani chini.

"Toto, hii ni nyasi."

"Kula. Figo yako nataka nyasi."

Hakula. Mashavu yakaingia ndani, na mimi nikaanza kuogopa kwamba tutarudi kwa daktari na figo iliyo hai ndani ya mtu aliyekufa njaa. Ndipo toto akapata wazo, na wazo lake lilituridhisha sote.

"Walikataza chumvi ya duka," alisema. "Yetu iko."

Alimaanisha abalang, ile ya majivu. Alikusanya maganda makavu ya maharagwe shambani, akayachoma, akatia majivu kwenye chungu chenye matundu chini, akamimina maji juu yake taratibu. Maji ya kahawia yakadondoka kwenye bakuli. Bibi yetu alipika hivyo, na bibi yake pia, na mboga hulainika zikawa na utamu ambao pakiti ya dukani haijawahi kuutoa. Ecodu alikula akaomba tena. Akaanza kukaa nje, akatengeneza jembe la jirani, akanitania kwamba nimenona kwa kula ndizi zake. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Tulipokaribia siku ya kurudi, miguu yake ilianza kulegea. Tukadhani ni uchovu. Asubuhi moja, baada ya kula, alianguka mlangoni. Tulimkimbiza hospitali Tororo, moyo ukipiga ovyo ovyo, wakamtoa damu ya kupima. Hakufika adhuhuri.

Daktari Wanjala alinipigia simu mwenyewe. Tororo walikuwa wamemtumia majibu ya ile damu, maana namba yake ilikuwa kwenye kadi ya Ecodu ya utafiti.

"Potasiamu ilikuwa juu mno," alisema. "Alikuwa anakula nini?"

"Daktari, kila kitu ulisema tulifuata. Chumvi hakuonja hata kidogo. Toto alikuwa napika na ile ya majivu."

"Majivu ya nini?"

"Ya maganda ya maharagwe."

Aliniomba nirudie, nikarudia.

"Alupo, hiyo chumvi ya majivu ni potasiamu yenyewe," alisema. "Mama yangu anaichuja mpaka leo. Nimekulia mboga hizo. Sikukumbuka kuwauliza."

Nilikuwa na tusi la sokoni tayari mdomoni, la kumfaa yeye, cheti chake na sumaku yake. Halikutoka. Maharagwe tulimnyima mgonjwa wetu, halafu tukayachoma maganda yake tukamnywesha maji yake.

"Na figo?" nilimwuliza.

"Sijui. Huenda ilikuwa bado inapumua."

Matangani watu walisema kazi ya Mungu haina makosa. Niliwachukia wote. Toto nilimwambia moyo ulichoka tu, na kila aliyekuja kumpa pole alimjibu jambo moja: "Lakini chumvi sikumpa." Alilisema akijipangusa macho, na ndilo lililomshika asianguke. Niliapa kwamba halitaguswa na mtu.

Matanga yakaisha. Jirani yetu Ariokot akarudi kutoka hospitali akiwa amevimba miguu, ameambiwa ni figo na aache chumvi. Nilimkuta toto ameshajaza kidumu maji ya majivu.

"Pelekea Ariokot," alisema. "Mwambie ya duka aache. Hii Ecodu alikula mpaka mwisho."

Nilikipokea. Ningeweza kukimwaga njiani, lakini kesho angechuja kingine. Hakuwa na kazi nyingine ya kufanya na mikono yake. Ariokot ana watoto wadogo.

"Toto, kaa chini," nilisema.

Nilimweleza kwa maneno machache. Aliketi pale jikoni ameweka mikono magotini.

"Daktari ndiye alisema?"

"Ndiye."

Alitikisa kichwa polepole.

"Asubuhi ile alisema mboga ni tamu," alisema. "Akaomba niongeze. Nikaongeza."