Msamaha wa Mkekani

Mkanda wa mashine haukati, unameza. Ulianza na pindo la kanga yangu, ukafuatia mkono wa kushoto, nami nikabaki naukodolea macho kama ninayemtazama mgeni aliyeingia bila hodi. Nasma, shoga yangu tuliyekuwa tukimimina naye mpunga, ndiye aliyekimbilia swichi. Ngurumo ilipokatika ndipo nilipojua kuwa anayepiga yowe ni mimi.

Nilirudi kijijini kwetu Bungu kutoka hospitali na kigutu. Nyumba ikafurika. Nami, Mungu ananijua, napenda nyumba ifurike: watu mpaka barazani, umbea ukizunguka pamoja na sinia, hata maumivu hujisogeza pembeni kidogo. Tukasoma dua ya shukrani, ubwabwa ukapakuliwa. Mara akaingia Abdulkarimu, mwenye mashine, amemshika mkono mama yake, Bi Sikujua, kikongwe wa kumzaa mama yangu.

Bibi yule alikataa kiti. Akashuka mkekani, akanishika mguu.

"Mjukuu wangu Rukaya, tupe radhi. Nisije nikafa na dhulma yako."

Matonge yakagandia mikononi. Haya, niambie wewe: nywele nyeupe ziko miguuni pako, watu wanakutazama, dua haijapoa. Ungesema nini?

"Nimesamehe, bibi. Inuka."

"Alhamdulillahi!" nyumba ikaitikia. Nasma akapiga kigelegele.

Mwezi haukuisha, mahali pangu pale mashineni pakawa pa mwingine. Nikawa nafulia watu kwa mkono mmoja, nguo nyingine nikiibana kwa meno. Ndipo nikaenda Kibiti, kwa afisa wa kazi, kijana wa bara aitwaye Paschal. Nikamweleza yote, na ule msamaha pia, maana mimi si mtu wa kuficha neno. Akampigia simu Abdulkarimu, kisha akanigeukia.

"Mama, msamaha ni wako na Mungu wako," akasema. "Fidia ni haki yako, haijaenda popote. Ila tajiri wako anasema hakukuajiri, eti ulikwenda kukoboa mpunga wako. Niletee mtu aliyekuwa akikuona kazini. Mmoja tu. Alhamisi."

Mmoja! Nilicheka njia nzima. Mimi huyu, nikose mtu mmoja Bungu?

Nasma nilimkuta anamenya muhogo.

"Shoga, ulisamehe," akasema bila kuinua macho. "Nimesikia kwa masikio yangu haya. Leo nikaape juu ya jambo lililokwisha? Laana ya kikongwe yule utanisaidia kuibeba?"

"Hutasema uongo, Nasma. Utasema tu kwamba uliniona kazini."

"Nilikuona. Na ulipokuwa unasamehe, nilikuona vilevile." Akafuta kisu kwenye kanga. "Kaa basi, ule."

Nikala. Nikaenda nyumba ya pili, ya tatu. Hakuna aliyenifukuza, hakuna hata aliyeninunia. Kila mlango ni karibu, karibu mwenzetu, vua viatu, chai hii hapa. Siku ile nilishiba Bungu nzima, nikarudi kwangu peke yangu.

Alhamisi nikaketi kwenye benchi nje ya ofisi. Jua likahama ukuta. Paschal akachungulia.

"Mama, yupo anayekuja?"

"Yuko njiani."

Nikamjibu vivyo hivyo alipotoka jioni, kufuli mkononi. Akaniangalia, akaangalia saa. Kisha, mtoto wa watu, akaketi kando yangu, tukawa tunaitazama barabara wote wawili.